Shingo ya Kinyozi

Kijiwe chetu ni benchi moja mbele ya kibanda cha kinyozi. Kahawa namimina mimi, kwa hiyo upuuzi wote wa mtaa unapitia masikioni mwangu kwanza. Sheria ni moja tu: birika likikauka, kila mtu arudi kazini kwake. Jana palikuwa na kesi. Kinyozi, mgane wa miaka mingi, alitangaza kwamba Jumatatu anakwenda kupasuliwa, ngozi ya shingo ivutwe arudie ujana. Ukimwuliza kwa nini, anatazama mlango wa jirani, kwa yule mama mshonaji. Sote tunajua. Yeye peke yake anadhani hatujui.

— Mteja anajitazama kwenye kioo nusu saa, anaenda zake, akasema Kinyozi. Mimi nabaki na shingo yangu mpaka jioni. Mwanamke gani atakubali shingo ya jogoo?

— Usipoziba ufa utajenga ukuta, akasema Plasta, fundi wa nyumba. Wanakujaza saruji laini, wanapiga msasa, kwisha.

— Saruji yako peleka huko kwenye kuta, akasema Sofa, anayewamba viti. Nimeuliza hospitali. Wanachana mbele ya sikio, wanazunguka mpaka nyuma. Chini ya ngozi kuna nyama imelegea, hiyo ndiyo wanayoivuta juu na kuishona. Ngozi inalazwa juu yake, inayozidi inakatwa, mshono unafichwa nyuma ya sikio. Ni kama kiti. Ukivuta kitambaa ukaacha sponji limebonyea, haipiti wiki umeumbuka.

Nilikuwa sijawahi kumsikia Sofa akisema neno la akili. Halikudumu.

— Shida wakikaza mno. Yupo mmoja, akicheka masikio yanakutana kisogoni.

— Huyo afadhali, akasema Plasta. Namjua mwingine, akitaka kulala anaomba watu wamfumbe macho. Samaki mkunje angali mbichi, ndugu yangu. Wewe ulishakauka.

— Nikauke nisikauke, Jumatatu naenda, akasema Kinyozi, na sauti ikampungua. Nyumba yangu kimya sana, jamani. Nimechoka.

Hapo hatukucheka.

Mama mshonaji akatokea na lile shuka jeupe ambalo Kinyozi huwafunikia wateja, kalipiga pindo jipya. Kumbe alikuwa anasikia yote, ukuta wenyewe mbao.

— Nina swali dogo, akasema. Kitambaa cha maua ukikivuta, maua yanahama nacho. Sasa ngozi yako ina ndevu, kaka. Zikihamia nyuma ya masikio, nani atakunyoa huko? Kinyozi hajinyoi.

Plasta akamtazama Sofa. Sofa akalitazama birika. Nikaliinamisha, halikutoa hata tone, na bado hakuna aliyeinuka.

Kinyozi akajishika shingo.

— Nilitumaini utakuwa wewe, akasema.

Mama akalikunja shuka taratibu, akamwekea magotini.

— Basi ziache hapo hapo mbele. Nitaziona vizuri zaidi.

Plasta na Sofa niliwafukuza papo hapo, sheria ni sheria. Hao wengine wawili nikawachemshia birika jipya.