Shangazi wa Soksi: Miaka Thelathini na Moja Chini ya Barabara

Ijumaa ya mwisho wa mwezi huu, baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi, Shangazi anakabidhi helmeti yake kwa mtunza stoo na kwenda nyumbani. Jina lake la kwenye kitambulisho wanalijua watu wa mishahara tu. Sisi wengine, kuanzia mkurugenzi hadi mlinzi wa getini, tunamwita Shangazi, kwa sababu anagomba kama shangazi, na akishagomba anakuuliza kama umekula.

Alianza katika kikosi cha majembe, enzi ambazo bomba la majitaka likipasuka dawa ilikuwa moja: kuchimba. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tulikuwa tunabomoa ukuta ili tuuone ufa. Tulifukua barabara, vibaraza na bustani za watu, nao wakatulaani mpaka tukazoea. Yeye hakuzoea. Mtambo wa kukarabati mabomba bila kuchimba ulipoletwa, wengi wetu tukausimanga, yeye akawa wa kwanza kujiandikisha mafunzo.

Kazi yenyewe aliieleza vizuri kuliko kipeperushi chetu. Bomba bovu, alisema, linavishwa soksi. Mfuko mrefu wa kitambaa unalowekwa gundi, unaingizwa kupitia chemba, unajazwa hewa hadi ubane kuta, kisha unapitishiwa maji ya moto. Gundi ikikauka, umepata bomba jipya ndani ya kuukuu. Bibi mmoja alisikiliza yote hayo kwa makini, halafu akauliza soksi hiyo itafuliwa lini. Shangazi alimjibu kwa heshima zote kwamba hufuliwa kila mtu anapooga.

Tusimfanye malaika. Soksi huziba pia matundu ya mabomba yanayotoka majumbani, na lazima mtu aingize kikata chenye kamera ayafungue moja baada ya jingine. Mwaka wake wa pili kwenye mtambo alisahau tundu moja, la nyumba ya fundi cherehani, siku ambayo fundi alikuwa anapokea wakwe. Mengine sitayaandika, maana jarida hili husomwa wakati wa chakula. Nitasema tu kwamba Shangazi alikwenda mwenyewe, akafungua tundu, akapiga deki sebule nzima mbele ya wakwe, na ndoa ikafungwa hata hivyo. Tangu hapo haondoki mtaani mpaka kila nyumba imwage ndoo ya maji, naye amechuchumaa kwenye chemba, anasikiliza. Magoti yake ndiyo yaliyoulipia utaratibu huo.

Alistahili kustaafu miezi michache iliyopita. Hakwenda, na wengi hawajui sababu. Sababu ni bekari.

Bomba kuu la mtaa linapita chini ya bekari hiyo, na juu yake hasa limekaa tanuri la matofali lililojengwa na marehemu mama wa mwokaji. Bomba lilipasuka, sakafu ikaanza kudidimia. Kuchimba kulimaanisha kubomoa tanuri, na mwokaji alisema wazi kwamba likibomolewa hana uwezo wa kujenga jingine. Atafunga, yeye na binti zake wawili wanaofanya kazi naye. Shangazi akamwahidi kwamba halitaguswa. Ilikuwa ahadi nzito, nami nilimwambia hivyo.

Siku ya kazi soksi ilikwama katikati. Mimi, niliyekuwa kwenye kompresa, nilitaka kuongeza hewa. Mhandisi wetu naye alitaka hivyo hivyo. Shangazi akakataa. Soksi ikikaukia pale ilipokwama, hakuna tena njia ila kuchimba. Akaamuru tukubali hasara tuivute nje. Tulivuta mpaka mikono ikatoka malengelenge.

Tulipoilaza uani, aliipapasa urefu wake wote. Ilikuwa laini bado, isipokuwa kipande kimoja kilichokwisha kuwa kigumu kama ubao. Tulikuna vichwa. Mwokaji ndiye aliyetufumbua macho, tena bila kujua: alilalamika tu kwamba sakafu ile humyeyushia soli za kandambili. Kumbe ardhi ya chini ya tanuri ilikuwa ya moto, na gundi yetu hukaushwa na joto. Tulikuwa tumepima nyufa na kona zote. Tanuri tuliliona kama kitu cha kulinda, hakuna aliyekumbuka kwamba linawaka.

Dawa ilikuwa kulizima. Hapo ndipo palipokuwa pagumu, maana moto ule haukuwahi kuzimika kabisa tangu mama yule auwashe, na mwokaji aliogopa kwamba matofali ya zamani yakipoa yatapasuka. Akiuacha moto, tutachimba; akiuzima, huenda tanuri likajifia lenyewe. Shangazi hakumshawishi. Alimwambia kweli: bomba analiweza, lakini matofali hana ujuzi nayo. Kisha akavuta kigoda akakaa naye. Mwisho mwokaji akawaambia binti zake wasitie kuni tena.

Muda wote lilipokuwa likipoa, Shangazi alipita asubuhi na jioni, akiweka kiganja ukutani kama anayempima mtoto homa. Soksi ya pili tuliipeleka imefunikwa barafu ya muuza samaki, ikapita bila kugoma. Matundu yakafunguliwa, ndoo zikamwagwa, nyumba zote zikasikika. Yakabaki matofali.

Mwokaji alimpa Shangazi kibiriti. Akakataa, akisema moto wa ukoo hauwashwi na mtu wa majitaka. Binti mkubwa akamwambia, “Shangazi, washa wewe, baba amekukabidhi.” Akawasha, kuni moja moja, nasi sote tumeinama tukitega sikio kama kuna mlio wa kupasuka. Hakukuwa na mlio. Mwokaji alikaa palepale sakafuni akalia, na Shangazi, ambaye hatukuwahi kumwona akilia, akalia naye. Tulipotoka nje aliniambia kwamba sasa anaweza kustaafu.

Basi na aende. Tutamkosa sana, hilo halina kificho. Kwa niaba ya karakana nzima: ahsante kwa kazi, kwa mafunzo na kwa magombezo yote, ambayo mengi tulistahili. Mungu akupe afya na usingizi usiokatishwa na simu za dharura, na mumeo apate hatimaye mtu wa kunywa naye chai ya asubuhi. Nenda salama, Shangazi. Tanuri linawaka.