Freni ya Mzee Nestor

Kwenye kivuko cha kwenda Alunguli, ng’ambo ya mto, Jeanne alikuwa akimenya karanga nyuma ya mume wake, Nestor, aliyekwisha kupata mtu wa kubishana naye: kijana Axel, fundi wa pikipiki, mwenye picha ya gari la mashindano katika simu.

“Papa, hizi freni njo za kaboni na keramiki. Ni nyepesi, na hata zipate moto namna gani kwenye muteremuko, hazichoki.”

“Na ubaya wake?”

“Bei iko juu sana. Na asubuhi, zikiwa baridi, hazikamati muzuri.”

Nestor akacheka. “Basi mimi nilikuwa nayo! Wakati wa vita nilisukuma baiskeli yenye magunia ya chumvi mpaka Pangi. Kwenye muteremuko, bibi yangu huyu anavuta kamba kwa nyuma. Freni njo yeye. Haikuchoka hata siku moja. Lakini asubuhi, kabla ya chai, usiiguse!”

Jeanne akatazama kovu la kamba kiganjani. Kuhusu bei, hakuna aliyemuuliza.

“Lakini Papa, muntu si freni,” Axel akabisha.

Kivuko chenyewe hakina freni. Husimama kwa kugonga ukingo. Kikagonga. Axel akaangukia magunia ya muhogo. Nestor hakuyumba: Jeanne alikuwa amekwisha kumkamata koti kwa nyuma.