Bi Usifute na Vipimo vya Mito

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia ninawasomea safari ya shangazi yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Bi Usifute.

Alizaliwa tarehe 9 Mei 1961, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kituo cha reli, mtoto wa tatu wa fundi saa na mshonaji, akaanza shule ya msingi mwaka 1968, akaendelea na sekondari ya wasichana, na mwaka 1985 akahitimu shahada ya hisabati. Tarehe 3 Februari 1986 aliajiriwa na ofisi ya vipimo vya maji, akakabidhiwa kumbukumbu za kina cha mito. Tarehe 12 Desemba 1987 akafunga ndoa na mwalimu wa kemia, aliyetutangulia mwaka 2016, wakajaliwa mabinti wawili.

Machi 2014 ofisi ilihamia kwenye kompyuta mpya, mafaili ya miaka ishirini na minane yakagoma kufunguka, mafundi wakasema yameoza, mkuu akaagiza yafutwe kupisha nafasi, naye shangazi akasimama mlangoni mwa chumba cha mitambo akimwambia, "Usifute, baba, nipe siku saba," na jina likamganda. Siku ya tano aligundua kwamba data ilikuwa nzima, ila ilikuwa imebanwa kwa programu ndogo iliyoachwa kwenye mashine ya zamani, hivyo mashine mpya iliona furushi bila kujua namna ya kulifungua. Programu hiyo aliichagua yeye mwenyewe mwaka 1998, wala hakuiandika popote. Angeweza kunyamaza, lawama zikabaki kwa mafundi, lakini alisimama kikaoni akakiri kosa ni lake. Tangu hapo alianza kuyahifadhi mafaili upya, moja baada ya jingine, kwa njia inayosomwa na kompyuta yoyote, na wenzake walipomtania kwamba anajiondolea kazi, alijibu, "Mkinihitaji mimi ndipo mto usomeke, basi sijafanya kitu."

Alistaafu tarehe 9 Mei 2021, akaendelea kwa kujitolea, hata figo zilipoanza kumsumbua Agosti 2022. Alifariki tarehe 17 Juni 2024, saa nne asubuhi, yakiwa yamebaki mafaili kumi na mawili.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotupikia na kutufariji, na wafanyakazi wenzake, ambao jana mchana waliyamalizia mafaili hayo, wakayajaribu kwenye kompyuta isiyowahi kuwa na programu yake, na yote yakafunguka.

Shangazi, mto unasomeka bila wewe. Pumzika sasa, kwa amani.