Fundi Hakumsemea Mtu

Wasikilizaji wapendwa, karibuni, vuteni viti. Leo tunamkumbuka fundi cherehani mmoja, mama wa makamo. Mtaa mzima ulimwita Fundi tu. Presha ilipanda ghafla, hakuamka. Fundi hatunaye tena.

Alishona sare za shule na mapazia. Lakini chumba chake cha nyuma kilikuwa na kazi nyingine. Humo, katikati ya vipande vya vitambaa, walikutana watu wazima waliozaliwa na ulemavu wa akili. Walikuja kujifunza kujisemea. Kusema nataka. Kusema sitaki. Fundi aliwasaidia, lakini hakuwasemea. Hilo lishikeni: hakuwasemea.

Mmoja wao anaitwa Kapteni. Mtu mzima, ndevu zina mvi. Anafanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, anakunja mashuka. Mikono yake haina shida. Ila mtu akimkazia macho na kumuuliza swali, ulimi unamganda. Basi dada yake mkubwa akawa ndiye mdomo wake. Kwa daktari, dada. Dukani, dada. Hata kinyozi alimgeukia dada: "Tumpunguze kiasi gani?" Na kichwa ni cha Kapteni!

Baba yao alipofariki, baba mdogo akaja na mpango. Kapteni apelekwe kwenye makao ya watu wenye ulemavu, mbali, nje ya mji. Wakampeleka akayaone. Kapteni hakutazama vitanda. Alitazama mlango wa chumba. Komeo lilikuwa kwa nje. Kwa nje, wasikilizaji. Tangu siku hiyo, gari likisimama karibu na nyumba yao, alijibanza nyuma ya kabati. Alijua wamemfuata.

Kikao kikaitishwa kwa afisa wa ustawi wa jamii. Kapteni akamwendea Fundi: "Nisemee."

"Sikusemei, mwanangu. Nitakaa na wewe."

Kapteni alilia. Alimwona Fundi msaliti.

Siku ya kikao ikafika. Afisa akauliza: "Wewe mwenyewe unataka kuishi wapi?"

Kimya.

"Si mnaona?" akasema baba mdogo. "Haelewi kitu huyu."

Dada akafungua mdomo. Fundi akamshika mkono. Kapteni macho kayakaza kwenye kitasa cha mlango. Afisa akaanza kukusanya karatasi zake.

Je, Fundi hakuogopa? Binti yake anatuambia: "Mama aliogopa sana. Aliniambia, 'Maneno yote nilikuwa nayo mdomoni. Nilijiuma ulimi mpaka damu. Nikinyamaza, watamchukua leo. Nikisema, watamchukua siku ambayo mimi sipo.'"

Kapteni akakiacha kitasa, akamtazama afisa. "Nataka nyumbani," akasema. "Mlango nifunge mwenyewe."

Basi. Afisa akamrudishia maneno yake polepole, kuhakikisha kayasikia sawa. Kapteni akaitikia. Akabaki nyumbani.

Sasa, wasikilizaji wapendwa, siku ambayo Fundi hayupo ndiyo hii. Matanga hayajaisha, baba mdogo ameshapiga simu. Anasema yule mama aliyewatia watu kiburi ameondoka, mambo yaangaliwe upya. Kikao ni Jumatatu.

"Nina hofu," anasema dada. "Nikinyamaza, naona kama nimemtupa ndugu yangu. Nikimsemea, tumerudi kule kule."

Na Kapteni? Wenzake kazini wanasema anakunja shuka, analifungua, analikunja tena lile lile. Mlango ukigongwa, anaruka.

Kwa binti wa Fundi, na kwa wote wa chumba kile cha nyuma, tunatoa pole kutoka moyoni. Mungu amlaze mahali pema. Nawe unayetusikiliza, tazama hapo ulipokaa. Ni nani unayemjibia ilhali yupo hapo hapo anakusikia? Tafakari, usiharakishe.

Tulimwalika Kapteni studioni, atoe neno la kumuaga Fundi. Aliitazama maikrofoni muda mrefu. Hofu ilitushika hata sisi, maana redio ikinyamaza watu huzima. Dada alikaa kando, midomo kaibana, machozi yanamtiririka. Hakumsaidia hata neno moja.

Kisha Kapteni akasema, mwenyewe: "Fundi amekufa. Jumatatu naogopa. Nani atakuja kukaa na mimi?"