Taratibu na Maboga ya Uani

Tarehe thelathini ya mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mitatu ya utumishi, mhudumu mkuu wa mochwari ya hospitali yetu atakabidhi funguo na kustaafu. Wengi wetu hatujawahi kumwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Tunamwita Taratibu, kwa sababu ndilo neno analowaambia wanaosukuma machela mpaka mlangoni kwake, awe juu yake mtu mzima au mtoto mchanga: taratibu, jamani, taratibu.

Alianza kama mfagizi wa korido za wodi ya wanaume. Mhudumu wa mochwari wa wakati ule alipoacha kazi ghafla, matroni alimwomba ashike nafasi hiyo kwa muda, mpaka apatikane mtu. Mtu hakupatikana. Taratibu akabaki, akajifunza, na baadaye akawafundisha wengine. Ni yeye aliyelipigania lile benchi na kile kibanda cha nje, ili wafiwa wasisubiri wamesimama juani. Na katika miaka yote hiyo, hakuna familia iliyokabidhiwa mwili usio wao.

Wakongwe wa hapa wanaukumbuka mwaka ambao jengo la ghorofa lilibomoka likiwa bado linajengwa. Miili ililetwa wiki nzima. Taratibu aliiosha yote, akaitayarisha mmoja mmoja, na kusimama na kila familia wakati wa kumtambua mtu wao. Ilipokwisha, alirudi nyumbani na kushindwa kula. Mkewe, fundi cherehani, anasema mumewe alikuwa akinawa mikono mpaka ngozi ikapasuka. Akaja kwa matroni kumwambia kwamba kazi imemshinda, anaomba kuondoka mwisho wa mwezi.

Kati ya miili ya mwisho kuchukuliwa ulikuwa wa fundi mwashi. Mfukoni mwake Taratibu alikuta kitambaa kilichofungwa fundo, ndani yake mbegu za maboga. Akazitoa pamoja na simu na funguo, akamkabidhi mjane. Mama yule alichukua simu na funguo, lakini mbegu akamrudishia. “Mimi nakaa ghorofa ya tatu, baba. Nitazipanda wapi? Panda wewe.”

Taratibu hakuwa mkulima. Alizaliwa mjini, akakulia mjini, na uani kwake palikuwa na saruji tupu na tangi bovu la maji. Lakini kuzitupa mbegu zile hakuweza. Akalikata tangi katikati, akajaza udongo uliokuwa umerundikwa kando ya mtaro, akachanganya na maganda ya jikoni yaliyooza. Maji ya kuoshea vyombo, ambayo zamani yalimwagwa, yakapata kazi. Mbegu zikaota. Mkewe anasema asubuhi ile mumewe aliomba chai na mkate, akamaliza vyote, akaongeza. Mwisho wa mwezi ulipofika, hakuondoka.

Bustani ikakua kama ilivyotaka yenyewe. Mche ulipanda ukutani, ukatambaa hadi kwenye mabati. Ikafuata mchicha kwenye ndoo zilizotoboka, nyanya kwenye magunia, pipa la kukinga maji ya mvua, halafu kuku watatu. Mmoja wao alipewa cheo cha Matroni kwa jinsi alivyokuwa akikagua kila kona. Matroni wetu alipopata habari alicheka, ila alitaka kwanza kujua kama kuku huyo anataga.

Boga la kwanza Taratibu alilipeleka mwenyewe ghorofa ya tatu, kwa mjane. Mengine akataka kuwagawia majirani, na hapo ndipo alipoumia. Hakuna aliyepokea. Maneno yalizunguka mtaani kwamba mimea ile inanyweshwa maji ya kuoshea maiti. Wateja wa mkewe wakaanza kupungua. Hata hapa kazini mhasibu mmoja aliuliza, kwa sauti, kama nyanya zile zimewahi kukaa karibu na friji za mochwari. Taratibu alimjibu kwa upole: “Hata ofisi yako iko karibu na friji hizo, bwana, na bado mkeo anakupokea nyumbani.” Tulicheka sisi. Yeye hakucheka. Wiki hiyohiyo mwenye nyumba alikuwa amemwamuru ang’oe kila kitu.

Siku ya kung’oa ilikuwa Jumapili. Mwenye nyumba alikuja kusimamia, na majirani wakasogea kutazama. Mjane wa fundi mwashi naye akatokea na wanawe wawili. Alikuwa amewaleta waone mbegu za baba yao zimefika wapi. Alipoelezwa kinachoendelea hakugombana na mtu. Aliomba kisu, akachuma majani machanga ya boga, akaazima jiko la fundi cherehani na kuyapika palepale uani. Akawapakulia wanawe, naye akala. Kisha akasema: “Huyu ndiye aliyemuosha mume wangu na kumvisha, siku ambayo mimi nilishindwa kumgusa. Mikono hiyo niliiamini kwa mume wangu. Nitaikataaje kwa mboga?”

Jirani wa mlango wa pili, muuza mkate, akaingia kwake na kutoka na sahani. Akapakuliwa. Akafuata mwingine. Mwenye nyumba hakuomba radhi, aliomba mche.

Leo mtaa ule una nyua nyingi zenye ndoo za mboga na mapipa ya mvua, na wamiliki wake bado humfuata Taratibu kuuliza habari za wadudu. Hata nyuma ya jengo letu la kufulia, pale palipokuwa jalala, pana matuta ya mchicha aliyoyaanzisha wakati wake wa mapumziko. Akina mama wanaouguza watoto wao huchuma bila kuomba ruhusa kwa mtu yeyote. Ndivyo alivyotaka.

Tulipomuuliza angependa zawadi gani ya kuagwa, alifikiri, akavua kofia. “Dada anayeshika nafasi yangu,” alisema, “msimkwepe kwenye korido. Mpeni mkono.”

Asubuhi ya leo dada huyo alipoingia kantini, tulisimama meza kwa meza, tukampa mkono.

Mzee wetu Taratibu, asante kwa kuwatunza wapendwa wetu wakati sisi tulikuwa tunalia. Nenda nyumbani ukapumzike, wewe na mama. Mvua iwanyeshee kwa wakati, na siku zenu ziwe nyingi na nyepesi.