Uponyaji wa Mara Moja

Jumapili ya tarehe kumi Novemba ndipo mambo yalipoharibika mezani kwao. Nilijua kabla tramu haijatoka katikati ya mji wa Ostrava, nikiwa abiria wa kiti cha nyuma yao, kwa jinsi Zdena alivyokuwa akimfokea Radim, mtunzi wa mchezo wao, ule wa kukaa mezani, kila mmoja akaigiza mtu wa kubuni, na dadu zikaamua nani ataishi.

“Mganga wangu amekufa na uponyaji wake haujaguswa! Umempa mara moja tu kwa safari nzima. Nani atautumia mapema?”

“Dada, nilipowapa uponyaji mpya kila mkiamka, mlifanyaje? Mlikuwa mnaua panya mmoja, mnafunga mlango, mnalala fofofo! Joka linangoja, ninyi mnakoroma.”

“Kwani tulijilaza? Kanuni zako ndizo zilizotulaza.”

“Na nikiuacha bila kikomo, hamfi ng’o.”

“Basi tafuta la katikati, bwana mkubwa! Kesho mchezo unakwenda kuchapwa. Ukienda hivi hivi, mezani kwako hunioni tena.”

Radim akajikuna ndevu. Wapanga kanuni ndivyo walivyo, wao hawafi. Hata marehemu mke wangu dawa yake ilifungiwa kabatini mpaka azidiwe, na aliyeamua kuzidiwa ni kupi alikuwa daktari mkuu, si yeye aliyeumwa.

Tramu ikasimama. Zdena akashuka, akageuka na kushika mlango.

“Haya, niambie wewe uliyetunga: mtu aliye na mara moja tu, atajuaje kwamba saa yenyewe ndiyo hii?”