Dorotea Shigela, Aliyeinamia Miguu ya Wenye Funza

Baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, Afisa Afya wetu Dorotea Shigela anastaafu tarehe 30 Juni 2025. Alianzia Magu, akahamia Sengerema, na miaka tisa ya mwisho tumekuwa naye hapa Mwanza mjini.

Kwa habari za viroboto hakuna aliyemfikia. Alitueleza, hata tukiwa mezani, jinsi funza jike, kiroboto mdogo kama chembe ya mchanga, anavyojichimbia kwenye ngozi ya mguu, akavimba kwa mayai hadi kufikia ukubwa wa punje ya njegere, kisha mayai yakadondokea vumbini. Wengi tuliacha wali katikati.

Mwanzoni hakuwa mpole. Mwaka wake wa kwanza alimkaripia hadharani mkulima aitwaye Paulo kwa kuishi na funza. Paulo akajifungia ndani kwa aibu, akajichokonoa kwa pini iliyokwisha kuzunguka nyumba kadhaa. Wiki mbili baadaye pepopunda ilimuua. Dorotea alikwenda msibani, akaketi mkekani, akamwomba radhi mjane. Hakumkaripia mgonjwa tena.

Miaka mingi baadaye, katika kijiji kimoja cha Sengerema, alimkuta Bibi Rebeka, mjane ambaye, kwa miguu iliyojaa funza, hakuwa ametoka nje kwa miezi minane. Majirani walisema amelogwa. Dorotea alimwamkia, akapiga magoti na beseni la maji.

"Usiniguse, mwanangu, nanuka," bibi alisema.

"Kwa miguu hii umelima ukalea watoto sita, bibi. Acha niioshe."

Alimwosha, akampaka mafuta ya kuua funza, akampeleka zahanati kuchomwa sindano ya pepopunda. Kisha akawakusanya majirani wasakafie nyumba ile ya vumbi. Waliosema amelogwa ndio waliobeba mchanga. Wiki ya sita Rebeka alitembea mwenyewe hadi kanisani, na akina mama wakampigia vigelegele kabla mchungaji hajafungua kinywa. Dorotea anakiri kwamba siku hiyo hakusikia neno la mahubiri, alikuwa analia.

Sasa anarudi Kisesa kwa mumewe, Antoni, ambaye ametusihi tusimpigie simu kila tukiona kiroboto. Hatuahidi.

Dada Dorotea, ahsante kwa kutufundisha kwamba mgonjwa huponywa kwanza aibu, ndipo mguu. Mungu akujalie afya, majirani wema na siku ndefu za kupumzika. Nenda salama, dada yetu.